Namna ya kuchora storibodi ya filamu fupi, kutoka skripti hadi siku ya kupiga picha

Storibodi ni michoro midogo iliyopangwa kwa mfuatano, kila mmoja ukionyesha shoti moja ya filamu (kipande kinachopigwa bila kukata) kabla kamera haijawashwa. Mtindo wa kubandika michoro ukutani na kuihamishahamisha ulishika mizizi katika studio ya Walt Disney, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa kazi ya katuni. Filamu za waigizaji na matangazo zikaufuata. Sababu ni ya mfukoni: mchoro mbaya unafutwa kwa raba, lakini sini iliyopigwa vibaya inafutwa kwa kodi ya kamera, chakula cha watu na nauli ya siku nyingine.

Watu wengi huiogopa kazi hii kwa kuamini kwamba lazima uwe mchoraji. Si kweli. Storibodi nyingi zinazofaa zina watu wa vijiti na vichwa vya mviringo. Kinachotakiwa ni uamuzi: kamera ikae wapi, mtazamaji aone nini, kwa sekunde ngapi.

Mwongozo huu unafuata filamu moja ya mfano, ya sekunde 90, inayotokea mtaani Tanga mwezi wa Ramadhani. Bibi anamtuma mjukuu wake Mwanaidi, miaka 11, akanunue nusu kilo ya sukari kabla ya futari. Anampa noti ya 5,000. Sukari ni 1,500, kwa hiyo chenji ni 3,500. Mwenye duka ana haraka, wateja wamejaa, anampa noti ya 10,000 mahali pa noti ya 2,000. Mwanaidi anagundua akiwa njiani, adhana inakaribia, duka linafungwa. Anarudi.

Amua umbo la picha kabla ya kushika penseli

Filamu itaonyeshwa wapi? Kwenye runinga, YouTube au ukumbini, umbo la kawaida ni 16:9, yaani picha iliyolala. Kwenye simu iliyosimamishwa ni 9:16. Hili haliahirishwi, kwa sababu mpangilio wa watu ndani ya picha unabadilika kabisa. Uchochoro mrefu wa Mji Mkongwe unapendeza kwenye picha iliyosimama; watu watano waliokaa kwenye mkeka hawaenei. Ukichora kwenye visanduku vya mraba kwa kuwa ndivyo rahisi, mpiga picha atalazimika kukata juu na chini, na huenda kilichokatwa ndicho ulichokitaka.

Kwa 16:9, laza karatasi ya A4 na chora visanduku vitatu vya sentimita 8 kwa 4.5, nafasi ya sentimita 1 katikati. Vinakula sentimita 26 kati ya 29.7 za upana. Chini ya kila kisanduku acha sentimita 4 za maelezo. Safu mbili zinatosha, kwa hiyo ukurasa una fremu sita. Kwa 9:16, simamisha karatasi, visanduku viwe sentimita 4.5 kwa 8, vitatu kwa safu, safu mbili. Chora ukurasa mmoja kwa rula, kisha toa fotokopi. Kwa picha ya simu kumbuka pia kwamba sehemu ya chini na ukingo wa kulia hufunikwa na maandishi na vitufe vya programu. Usiweke huko mkono ulioshika noti.

Vifaa vingine ni penseli ya HB na ya 2B, raba, kalamu nyeusi ya milimita 0.5, kalamu nyekundu, na vikaratasi vya kunata. Zipo programu za bure kama Storyboarder na Blender, na Krita tangu toleo la 5.0 ina sehemu maalumu ya storibodi. Ni nzuri. Lakini kwa anayeanza tunapendekeza karatasi, maana kwenye kompyuta unaweza kukuza mchoro mpaka ukajikuta unachora kope za mtu atakayeonekana mgongo.

Kata skripti vipande

Soma skripti, na kila jambo linapobadilika liandike kwenye kikaratasi chake cha kunata kwa sentensi moja yenye kitendo. Kipimo ni kimoja: kamera inaweza kuliona? "Mwanaidi anaona vibaya moyoni" haiwezi kuchorwa. "Mwanaidi anasimama, anageuza shingo kuelekea dukani" inaweza. Filamu yetu inatoa vipande nane:

1. Bibi anatikisa kopo tupu la sukari, anafungua pindo la khanga, anatoa noti ya 5,000. (fremu 1–3, sekunde 12)
2. Mwanaidi anakimbia uchochoroni. (4–5, sekunde 8)
3. Dukani: foleni, sukari, chenji iliyokunjwa. (6–10, sekunde 20)
4. Njiani anakunjua chenji. (11–13, sekunde 9.5)
5. Anaangalia nyumbani, anaangalia dukani, anageuka. (14–16, sekunde 8)
6. Anakimbia kurudi. (17, sekunde 4)
7. Mlango wa duka umefungwa nusu. Anaingiza mkono wenye noti. (18–19, sekunde 10.5)
8. Nyumbani, adhana, kikombe cha uji. (20, sekunde 8)

Jumla ni sekunde 80. Zilizobaki 10 ni za jina la filamu na majina ya washiriki, ambazo wengi husahau kuzihesabu mpaka wanapofika kwenye uhariri.

Sasa uliza kwa kila kipande: hapa mtazamaji anajua nini ambacho dakika iliyopita hakukijua? Swali hili ndilo linalotengeneza storibodi. Filamu yetu haina maneno mengi, kwa hiyo mtazamaji lazima aione noti ya 5,000 kwa ukaribu mwanzoni kabisa, kwenye fremu ya 2. Asipoiona, noti ya 10,000 kwenye fremu ya 12 haitamshtua; atadhani ndiyo pesa aliyotoka nayo nyumbani. Kwenye skripti kosa hilo halionekani, maana msomaji amesoma neno "elfu tano" na amelikumbuka. Kwenye michoro linajianika. Kwa sababu hiyohiyo fremu ya 8 inaonyesha noti ileile ya 5,000 ikipita juu ya kaunta, na fremu ya 10 inaonyesha chenji ikiwa imekunjwa, thamani haisomeki. Tukiionyesha mapema, mtazamaji atagundua kabla ya Mwanaidi na fremu ya 12 itapoa.

Vijipicha: chora vibaya, chora vingi

Kabla ya kugusa ukurasa wenye visanduku, chukua karatasi nyingine uchore vijipicha vya sentimita 4 kwa 2.25. Kila kipande kipe njia tatu tofauti za kukionyesha. Kijipicha kimoja kisizidi dakika moja. Mchoro wa kwanza huwa ni ule ambao kila mtu angeuchora. Wa pili au wa tatu ndio wenye kitu.

Andika ukubwa wa shoti kwa vifupisho ambavyo kikundi chako kimekubaliana. Hapa tunatumia PP kwa picha pana (mtu mzima na mahali alipo), PK kwa picha ya kati (kiunoni kwenda juu), PKB kwa picha ya karibu (uso au mikono) na PKS kwa picha ya karibu sana (jicho, tarakimu za noti). Ukiona PK, PK, PK, PK mfululizo, simama. Hilo ndilo gonjwa kubwa la filamu nyingi za bajeti ndogo: kila mtu kakatwa kiunoni, hatujui tuko wapi wala nini ni muhimu.

Idadi ya shoti haina sheria, ila kwa kisa chenye mwendo kama hiki wastani wa sekunde 4 kwa shoti ni mzuri. Sekunde 80 zinatupa shoti 20. Ukijikuta na 45, ama filamu yako ni ndefu kuliko ulivyosema, ama unakatakata ovyo.

Ramani ya mahali na mstari usiovukwa

Hatua hii huwa inarukwa, na ndiyo inayoleta ugomvi kwenye uhariri. Chora mahali kama unapaona kutoka juu ya mnazi: nyumba upande wa kushoto, duka upande wa kulia, uchochoro katikati. Piga mstari kutoka nyumba hadi duka. Kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo.

Faida yake ni hii: Mwanaidi akienda dukani, kwenye picha anakwenda kulia. Akirudi nyumbani, anakwenda kushoto. Akigeuka kurudisha pesa, anakwenda tena kulia, na mtazamaji anaelewa bila neno hata moja. Sasa mpiga picha akivuka barabara kwa fremu ya 17 kwa kuwa ukuta wa upande ule ni mzuri zaidi, Mwanaidi ataonekana anakimbia kushoto, yaani anakimbilia nyumbani na pesa ya watu. Kisa chote kimegeuka kwa hatua sita za mpiga picha. Kamera inaruhusiwa kukaa juu ya mstari wenyewe, ikimwona mtu kwa mbele au kwa mgongo, na hiyo ndiyo njia salama ya kuvuka ukilazimika.

Kanuni ya pili: ukikata kutoka shoti moja ya mtu kwenda nyingine ya mtu yuleyule, kamera isogee angalau nyuzi 30, au ukubwa wa shoti ubadilike waziwazi. Tofauti ikiwa ndogo, picha inaruka kama video iliyokwama.

Fremu za 11 hadi 16 zilivyoandikwa

Kila kisanduku kinahitaji namba, ukubwa wa shoti, sekunde, kitendo, sauti na kitu cha mwendelezo, yaani kinachotakiwa kubaki vilevile kutoka shoti hadi shoti. Kipande cha katikati cha filamu yetu kinasomeka hivi:

11. PP, sekunde 4. Uchochoro, jua chini nyuma yake. Mwanaidi anatembea kulia kwenda kushoto. Mfuko wa sukari mkono wa kulia, chenji mkono wa kushoto. Sauti: kandambili, redio mbali.
12. PKB mikono, sekunde 3. Vidole vinakunjua: noti ya 10,000, noti ya 1,000, sarafu ya 500. Kandambili zinanyamaza.
13. PKB uso, sekunde 2.5. Kamera mbele yake. Macho yanapanda kutoka mikononi.
14. PP, sekunde 3. Anachokiona mbele: moshi wa jiko, bibi mlangoni.
15. PP, sekunde 3. Anachokiona nyuma: duka kwa mbali, mwenye duka anashusha mlango.
16. PK, sekunde 2. Kamera ubavuni. Anageuka, anatoka kwenye picha upande wa kulia.

Angalia kwamba mkono wa mfuko umeandikwa. Fremu ya 11 na ya 16 zinaweza kupigwa siku mbili tofauti, na mfuko ukihama mkono watu wataona, hata wasipojua ni nini kimewakera. Angalia pia kwamba fremu ya 12 kwa sekunde 3 inatosha kusoma noti moja tu, kwa hiyo noti ya 10,000 iwe juu, iwe wazi, isikunjwe pembeni. Ukitaka watazamaji wazisome noti zote, ongeza sekunde 2 au zitandaze moja moja.

Mchoro safi

Vijipicha vikikubaliwa, vihamishie kwenye visanduku kwa HB, kisha pitia mistari muhimu kwa kalamu nyeusi. Anza na mstari wa upeo wa macho, maana ndio unaosema kamera iko juu kiasi gani. Kwenye ardhi tambarare mstari huo unamkata kila mtu kwa kimo kilekile cha kamera, awe karibu au mbali. Tukiweka kamera kwenye usawa wa macho ya Mwanaidi, kama mita 1.3, mstari unapita machoni pake na karibu na mabega ya watu wazima wote. Ukichora vichwa vyote kwenye mstari, umekwisha kuweka kamera kwa kimo cha mtu mzima bila kukusudia, na mtoto ataonekana ana kimo cha mtu mzima.

Mtu ni mviringo wa kichwa, mstari wa mabega, mstari wa uti wa mgongo na miguu. Weka alama ndogo ya pua ili ijulikane anaangalia wapi. Rangi hazihitajiki: nyeupe, kijivu na nyeusi zinatosha kuonyesha mwanga unatoka wapi. Kwa fremu ya 11 jua liko nyuma, basi mpake Mwanaidi kwa 2B hadi awe kivuli.

Mishale ni lugha ya peke yake. Mwendo wa mtu uwe mshale mwekundu ndani ya kisanduku. Mwendo wa kamera uwe mshale mnene nje ya kisanduku. Ukivichanganya, mpiga picha atamsukuma mwigizaji na kuiacha kamera imetulia. Kamera ikizunguka kufuata kitu, chora kisanduku kirefu chenye mwanzo na mwisho. Ikisogea karibu, chora kisanduku kidogo ndani ya kikubwa, mishale minne kwenye pembe, na uandike kama ni lenzi inayovuta au ni kamera yenyewe inayotembea, maana hivyo ni vitu viwili na vifaa viwili. Shoti ndefu yenye mabadiliko ipewe michoro miwili au mitatu chini ya namba moja: 17A, 17B.

Pima muda kwa mdomo

Usihesabu maneno. Neno moja la Kiswahili kama "hajanirudishia" lina silabi saba na linabeba sentensi nzima. Vipimo vya maneno kwa dakika vilivyotungwa kwa lugha nyingine vitakudanganya. Shika simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, sema mazungumzo kwa sauti, kwa mwendo wa mhusika.

Halafu kuna salamu. Mtoto hawezi kufika dukani akasema "nipe sukari" kwa mtu mzima. Watazamaji wetu watamwona hana adabu, na umeharibu mhusika. "Shikamoo." "Marahaba, nikupe nini?" "Nusu ya sukari." Hayo ni kama sekunde 5, robo ya muda wa sini nzima ya duka. Njia tuliyoichagua: shikamoo inasikika mwishoni mwa fremu ya 5, Mwanaidi akiwa bado anakimbia, na fremu ya 6 inafunguka kwenye "nikupe nini?" Kwenye kisanduku iandike kwenye mstari wa sauti, si wa kitendo.

Sasa piga picha kila mchoro ukiwa kivulini, simu sambamba na karatasi, uzipange kwenye programu yoyote ya kuhariri video ya simu, kila fremu kwa sekunde zake. Weka sauti ya mtaa na ya adhana. Mwonyeshe mtu ambaye hajasoma skripti, umnyamazie, kisha mwambie akusimulie alichoona. Asiposema mwenyewe kwamba mtoto alirudishiwa pesa nyingi, rudi kwenye fremu ya 2, 8 na 12. Usimweleze. Filamu ikizidi muda, na karibu kila mara huzidi, anza kupunguza shoti za watu wanaotembea kuingia na kutoka.

Toa ratiba kwenye michoro

Storibodi husomwa kwa mpangilio wa kisa, lakini filamu hupigwa kwa mpangilio wa mahali na mwanga. Weka alama ya rangi kwenye pembe ya kila fremu: njano kwa jua la chini, bluu kwa kivuli cha mchana, nyekundu kwa taa.

Tanga jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza huja upesi. Baada ya dakika 20 hivi za kuzama huna tena mwanga wa maana. Jua la chini lenye kufaa ni dakika 40 za mwisho. Filamu yetu ina fremu saba za njano, 11 hadi 17. Shoti moja, pamoja na kuhamisha kamera na kurudia, inakula kama dakika 10. Dakika 40 ni shoti nne. Saba haziingii.

Ndipo storibodi inapolipa gharama yake. Fremu ya 12 ni mikono tu na ya 13 ni uso tu: zinapigwa mapema, saa 10 alasiri, chini ya kivuli cha ukuta, karatasi kubwa nyeupe ikirudisha mwanga. Fremu ya 16 ubavuni nayo inawezekana karibu na ukuta. Zinabaki 11, 14, 15 na 17 kwa jua lenyewe. Fremu za 18 na 19, za mlango wa duka wenye balbu ndani, zinafuata jua likishazama, na ya 20, ya jikoni kwa taa, usiku wowote. Fremu zote za duka zinazotumia kamera mahali pamoja, hasa ya 6 na ya 9, zipigwe pamoja kabla ya kusogeza stendi.

Na mambo ya Ramadhani yasipigwe Ramadhani ukiweza. Mwigizaji aliyefunga hatakukimbilia uchochoro mara nane saa 11 jioni, wala hapaswi kuombwa.

Siku ya kupiga picha

Toa nakala nne: ya mwongozaji, ya mpiga picha, ya anayeangalia mwendelezo, na moja ya kubandika ukutani ambapo kila mtu anaiona. Fremu ikipatikana, piga mstari wa mshazari juu yake na uandike namba ya faili ya kamera na rudio lililo bora. Ukibadilisha shoti papo hapo, na utabadilisha, ichore kwenye kikaratasi cha kunata na ukibandike juu ya ile ya zamani bila kuichana. Wingu likifunika jua saa 12 kasoro, angalia ni fremu ipi ya bluu bado haina mshazari, ipige hiyo wakati mnasubiri. Nakala yenye mishazari na vikaratasi vyote ndiyo anayokabidhiwa mhariri pamoja na kadi ya kumbukumbu.